"Accident" na "ajali" hata sio ndugu

Juzi natafsiri karatasi za bima ya gari, kazi ya kila siku hii, nikafika sehemu inaongelea mtu aliyejaza dizeli kwenye gari ya petroli "by accident", mkono ukaandika wenyewe "kwa ajali" nikasoma nikacheka. Nani anajaza dizeli kwa ajali jamani? Sisi tunasema kwa bahati mbaya.

Accident imetoka kwenye Kilatini accidere, na ndani yake kuna cadere yaani kuanguka. Kwa hiyo ni kitu kilichokudondokea tu, kama embe, liwe bivu au bovu haijalishi, na Waingereza walipolipata kupitia Kifaransa karne ya 14 lilikuwa bado na maana ya tukio lolote lile. Ukoo wake mkubwa balaa: case, chance, occasion, mpaka Occident, yaani kule jua linakodondokea (magharibi yetu nayo ni Kiarabu cha jua kuzama, wazo lilelile).

Wanafalsafa nao walikuwa na accident yao tangu enzi za Aristotle: sifa ambayo kitu kinaweza kuwa nayo au kuikosa na bado kikabaki kilekile. Nikinyoa ndevu leo mi bado ni mimi. Ndo maana Wakatoliki wanafundisha kwamba kwenye misa mkate unageuka dhati yake ila accidents zake, rangi na ladha, zinabaki. Hapo hakuna gari iliyogonga mtu.

Sasa njoo kwenye ajali. Kiarabu ajal ni muda uliopangwa, hasa mwisho wa uhai wa mtu. Suratul Aaraf aya ya 34 inasema kila umma una ajali yake, na ikifika hawawezi kuichelewesha hata saa moja wala kuitanguliza. Umeona? Accident ni kilichotokea bila mpango, ajali ni kilichopangwa kabla hujazaliwa, halafu kamusi zinayaweka bega kwa bega kama mapacha! Na Mwarabu mwenyewe leo gari zikigongana hasemi ajal, anasema hadith, neno la mzizi mmoja na hadithi zetu za paukwa pakawa.

Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilitangaza kulipiga marufuku neno accident, kisa linafanya watu waone majeraha ni mambo ya bahati tu wakati mengi yanazuilika. Mi nikawaza, hao wangejua sisi tuna "ajali haina kinga" wangezimia.

Basi pale kwenye dizeli nikaweka "bila kukusudia", nikatuma. Kesho yake mteja karudisha kazi na alama nyekundu: mbona neno ajali halipo, hii si bima?