Ukisusia Kodi kwa Sababu ya Ukarabati, Unamfanyia Kazi Mwenye Nyumba

"Wakili, nimeacha kulipa kodi mpaka wamalize ukarabati." Nikilipwa shilingi mia kila ninapoisikia kauli hii, ningekuwa nimeshafunga ofisi. Tangu majukwaa ya mafundi yaote kwenye maghorofa ya Tudor, Kizingo, Nyali na Bamburi hapa Mombasa, wapangaji wanakuja kwangu mmoja baada ya mwingine, na anayeitamka huwa ameketi kifua mbele, kama mtu ambaye kesi ameshaishinda na anachotaka kwangu ni mhuri tu. Ninayoyaeleza hapa ni kwa wapangaji wa nyumba za kuishi nchini Kenya. Wenye maduka na hoteli wana sheria yao.

"Nyumba haikaliki, kwa hiyo kodi hailipiki"

Hasira yenyewe naielewa. Korido imejaa vumbi, lifti imezimwa tangu Ramadhani, maji yanakatika kila fundi anapogusa bomba, na mama mzee wa ghorofa ya tano anateremshwa ngazi kwa kubebwa kila siku ya kliniki. Mtu analipa elfu thelathini na tano na anachopata hakifiki nusu ya thamani hiyo. Haki yake iko wapi? Ipo, lakini si pale anapoitafuta.

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaingiza ahadi za mwenye nyumba katika kila upangaji, ziwe zimeandikwa kwenye mkataba au la. Atamwacha mpangaji akae kwa utulivu. Pale anapokodisha sehemu tu ya jengo, atatunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja kama korido. Na nyumba itakuwa inafaa kukaliwa na binadamu, siku ya kuingia na siku zote za upangaji. Wateja wangu wengi huja na kifungu hiki kwenye simu, wamekipigia mstari mwekundu. Wanachokiruka ni maneno yanayotangulia ahadi ya utulivu: maadamu mpangaji analipa kodi na kutimiza masharti yake.

Rudia kuyasoma hayo maneno. Utulivu unaoudai umeambatanishwa na risiti zako. Siku unaposusia kodi, unaliondoa mwenyewe lile sharti ulilotaka kulitegemea.

Kifungu hichohicho kinaendelea. Kodi ikipitisha mwezi mmoja baada ya tarehe yake bila kulipwa, mwenye nyumba anapata uwezo wa kukupa notisi ya kuvunja upangaji, hata kama hajawahi kukuandikia barua ya kukudai. Tena kuna sheria tuliyorithi enzi za ukoloni, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, inayomruhusu kumtuma dalali mwenye leseni akamate mali yako kufidia kodi, bila kwanza kwenda kutafuta hukumu mahakamani. Friji, kochi na televisheni vinaorodheshwa huku mafundi wakiendelea kugonga ukuta wa jirani.

Hebu tazama ulivyojigeuza. Mwezi uliopita ulikuwa mlalamikaji, leo ni mdaiwa. Nikisimama mbele ya hakimu nieleze habari za lifti na vumbi, mwenzangu wa upande wa pili hatapoteza muda kubishana nami. Atatoa karatasi moja yenye miezi mitatu isiyolipwa, atakaa chini. Na mimi ndiye nitakayebaki kueleza kwa nini mteja wangu, anayetaka mkataba uheshimiwe, hakuuheshimu yeye.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Jengo linalopakwa rangi na kuwekwa lifti mpya mara nyingi linatayarishiwa wapangaji watakaolipa zaidi. Wewe wa zamani, mwenye kodi ya miaka sita iliyopita, ndiye unayezuia hesabu. Mwenye nyumba wa namna hiyo hahitaji kukusumbua. Anangoja tu ususie, kisha anakutoa kihalali kabisa.

Wanaojua sheria kidogo hunijibu kwamba kuna hali ambapo kodi husimama. Kweli. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko, dhoruba, ghasia au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, kodi au sehemu yake inayolingana na uharibifu husimama mpaka nyumba ifae tena. Miezi sita ikipita bila kufaa, mpangaji anaweza kuvunja upangaji kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Lakini kazi aliyoipanga mwenye nyumba, akaitafutia mkandarasi na kuilipia malipo ya awali, si ajali wala janga, hata ikuchoshe vipi. Ikitokea dari imeporomoka kwa sababu ya mafundi, au cheche za kuchomelea vyuma zimewasha moto chumbani, hapo mambo yamebadilika. Njoo tuzungumze kabla hujaacha kulipa, usije baada.

Basi ufanye nini? Lipa kwa tarehe yake, na ulalamike kwa maandishi. Namaanisha barua ya karatasi, yenye tarehe, inayopelekwa kwa mwenye nyumba au ajenti, na nakala yako inagongwa mhuri au kutiwa saini na aliyeipokea. Nawaomba sana msiniletee rekodi za sauti za WhatsApp za dakika nne nne, nusu yake ni salamu na kukohoa. Hakimu anataka kujua ulimwambia nani, lini, kuhusu nini.

Weka daftari. Kila siku maji yalipokosekana, andika tarehe, saa yalipokatika na saa yaliporudi. Ulinunua mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni? Andika idadi na bei. Piga picha ya korido leo, uipige tena wiki ijayo kutoka palepale. Mpangaji mmoja mwenye daftari chafu alilolijaza kwa miezi minne ananifaa kuliko kundi la wapangaji ishirini wenye hasira na kumbukumbu.

Kisha omba punguzo, na uombe kwa tarakimu. Usiandike "tunaomba mtufikirie." Andika kwamba unaomba kodi ishuke kutoka 35,000 hadi 26,000 kuanzia mwezi ujao mpaka lifti irudi na maji yatulie. Wenye nyumba hukubali mara nyingi kuliko mnavyodhani, kwa sababu moja ya kibiashara: wewe ukihama leo, nani atahamia jengo lililofunikwa nyavu za mafundi? Fleti hiyo itakaa tupu mpaka kazi iishe. Akikubali, akubali kwa saini, ili mwakani ajenti mpya asije kukudai "malimbikizo" ya elfu tisa kila mwezi. Akikataa, endelea kulipa, ukieleza kwenye barua kwamba kulipa kwako si kuachilia haki yako ya kudai fidia. Hapo ndipo ninapoweza kwenda mahakamani kuomba fidia kwa miezi uliyoteseka, au amri ya kurekebisha, nikiwa na mteja ambaye hakuna anayeweza kumnyooshea kidole.

"Wanachelewesha makusudi ili tuhame"

Wapo wanaofanya hivyo, nami nimekutana nao. Lakini pwani hii ina mchelewaji mwingine, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huileta kwenye kuta, na majengo mengine ya zamani yalijengwa kwa mchanga uliokuwa nayo tayari. Chumvi hupenya zege hadi kwenye nondo, nondo zikaanza kushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Zege linasukumwa kutoka ndani, linapasuka, vipande vinadondoka kutoka kwenye balkoni. Mkandarasi alitoa bei akiwa ametazama plasta kwa macho. Akigonga ndiyo anakuta nguzo yenye nondo zilizobaki nyembamba kama msumari. Kazi ya miezi mitatu inakuwa ya tisa, na kwa kweli usingependa amalize kwa mitatu kwa kuipaka plasta juu yake.

Kwa hiyo badala ya kudai tarehe moja ya mwisho ambayo hakuna atakayeitimiza, dai ratiba ya ghorofa kwa ghorofa: wiki hii upande upi, maji yatazimwa saa ngapi mpaka saa ngapi, lifti itarudi lini. Ratiba ya namna hiyo ikivunjwa mara tatu, una ushahidi. Na uulize kama kazi imeidhinishwa na kaunti na kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ukarabati unaogusa nguzo na mihimili si wa kufanywa na fundi wa kuitwa kwa simu.

"Nyumba ni yake, anaingia anapotaka"

Hapana. Ana haki ya kuingia, yeye au watu wake, kukagua na kurekebisha, kwa saa zinazofaa, na bila kuingilia makazi yako kupita kiasi. Fundi anayefungua mlango kwa ufunguo wa akiba saa nne usiku "kuangalia bomba" hana sheria inayomlinda. Nawe usimzuie fundi aliyekuja mchana kwa taarifa, kisha ulalamike kwamba chumba chako kinavuja.

"Sina mkataba wa maandishi, sina haki"

Upangaji wa miaka miwili au chini yake unaweza kuwa wa mdomo na bado ukatambuliwa na Sheria ya Ardhi. Ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi unaonyesha kiasi, tarehe na aliyepokea. Usiufute.

"Hawezi kunitoa ukarabati ukiendelea"

Anaweza. Kama unalipa mwezi kwa mwezi bila muda maalum, kila upande unaweza kumaliza upangaji kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoisha siku ya kodi. Mwenye mkataba wa muda maalum yuko salama zaidi, na hata kodi yake haiwezi kupandishwa katikati isipokuwa mkataba wenyewe unaruhusu. Asichoweza mwenye nyumba ni kung'oa mlango, kukata stima au kuezua mabati juu ya kichwa chako akiita hiyo notisi.

"Nitaenda kwa Rent Tribunal"

Baraza hilo la migogoro ya kodi ni la nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ndiyo, elfu mbili na mia tano. Kiwango hicho kimeachwa na wakati, nami nakubali kwamba ni aibu, lakini mpangaji wa fleti ya Nyali akienda huko atarudishwa. Wengine hunisomea vipengele vizuri ajabu vya kuwalinda wapangaji, na nikiuliza vimetoka wapi nakuta ni Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa mwaka 2021, ambao haukuwa sheria.

"Mchana fundi anaweza kupiga kelele atakavyo"

Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo kwa maeneo ya ujenzi yaliyo kwenye makazi: desibeli 60 mchana na 35 usiku. Sitini ni kama watu wanavyozungumza kawaida, kwa hiyo drili ya kuvunjia zege imeshapita. Mkandarasi anaweza kuwa na kibali cha kuzidisha, na una haki ya kumwomba akuonyeshe. Ila mchana wa kanuni hizo unaanza saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi. Anayenipigia simu saa moja na robo kunisikilizisha drili akidai bado ni usiku ananiamsha bure.

"Dipoziti italipia miezi ya mwisho"

Dipoziti si kodi, mpaka mwenye nyumba akubali kwa maandishi kuihesabu hivyo. Na ukarabati unaifanya iwe hatarini zaidi: mafundi wakivunja kigae cha bafuni au kukwaruza mlango wako, siku ya kuhama ajenti atakuandikia wewe gharama. Piga picha za kila chumba kabla jukwaa halijafika dirishani kwako, umtumie ajenti siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa anayetaka kurekebisha mwenyewe halafu akate kwenye kodi: idhini ya maandishi kwanza, risiti ya fundi baadaye. Ukianza na kukata, tumerudi kulekule kwenye kodi isiyolipwa.

"Televisheni yangu italipwa na bima ya jengo"

Bima ya jengo ni ya jengo, haina habari na vyombo vyako. Bomba likipasuliwa na fundi na maji yakamwagikia televisheni na godoro, dai ni dhidi ya aliyesababisha, na kwa uharibifu wa mali usiozidi shilingi 1,000,000 unaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo bila wakili. Sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Nenda na risiti ya ununuzi, picha za siku ya tukio, na barua uliyoandika kesho yake.