CDH1, jeni inayoshikanisha seli

Nikishuku saratani ya tumbo ya aina inayotapakaa, huagiza tishu ipakwe kingamwili inayonasa protini iitwayo E-kadherini. Seli zikiwa nzima, mpaka wa kila moja hugeuka kahawia, mstari usiokatika. Mstari usipoonekana, nawazia jeni ya CDH1, yenye maagizo ya kuunda protini hiyo, iliyo kwenye kromosomu ya 16.

E-kadherini ni protini inayopenya utando wa seli. Sehemu yake ya nje ina vipande vitano, na baina yavyo hukaa kalisi. Kalisi ndiyo huinyoosha protini isimame imara na kushikana na mwenzake wa seli jirani; ukiiondoa, protini hulegea na seli huachana. Mtafiti Masatoshi Takeichi wa Japani alianza kulifafanua jambo hili miaka ya 1970. Kwa ndani, mkia wa protini hufungwa na protini nyingine, katenini, kwenye nyuzi za aktini, ambazo ni kiunzi cha seli, kwa hiyo viunzi vya seli jirani huwa vimeungana.

Mwaka 1998 kundi la mtafiti Parry Guilford, Nyuzilandi, lilionyesha kuwa kasoro ya CDH1 ndiyo iliyokuwa ikiua watu wa ukoo mmoja wa Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kwa saratani ya tumbo, wengine wangali vijana. Uwezekano wa mzazi kumrithisha mtoto kasoro hiyo ni nusu kwa nusu. Kila seli ina nakala mbili za jeni hii, na moja nzima hutosha. Taabu huanza seli inapoipoteza nayo.

Ubaya wa ugonjwa huu uko hapa. Saratani nyingi hujikusanya zikawa uvimbe. Hii haina cha kuikusanya: seli zake, zilizojaa ute hadi kiini kikasukumwa pembeni, hutambaa mojamoja chini ya utando wa tumbo, na endoskopi, kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni, hupita juu yake isione kitu. Mara nyingi tumbo lililoondolewa kwa tahadhari, baada ya endoskopi kusema ni safi, tukilichunguza lote tunazikuta. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2020 huwashauri wenye kasoro, ikiwa ukoo wao una historia ya saratani hii, waondolewe tumbo lote wakiwa na miaka 20 hadi 30. Ushauri mzito kwa mtu asiyeumwa popote, lakini kipimo cha kuegemea badala yake hatuna.

Wanawake wana hatari nyingine, saratani ya titi ya lobula, yaani vijitezi vya maziwa. Nayo mamogramu, picha ya eksirei ya titi, huikosa kirahisi, hivyo wenye kasoro hupimwa kwa MRI, picha ya sumaku, kila mwaka kuanzia miaka 30. Ila katika saratani nyingi za lobula jeni huharibikia titini tu, bila kurithiwa; kujua kama ukoo unahusika, sharti damu ipimwe.