"Chuma hakizeeki": dhana za kijiweni kuhusu chuma cha vinu vya nyuklia

"Kaka, chuma hakizeeki. Kinaliwa na kutu, basi." Kwa fundi wa kuchomelea pale Gerezani, anayejua upepo wa chumvi wa Dar unavyoyafanya mageti, kauli hiyo ina mantiki. Kwa vinu vya kuunganisha viini vya atomu, haina.

Chuma kinachotajwa sana huko ni EUROFER97 cha Ulaya na F82H cha Japani, chenye kromiamu asilimia 8 hadi 9. (Kiasi hicho hakizuii kutu, kiache Kigamboni uone.) Lakini kinachokizeesha ni joto. Kikikaa maelfu ya saa kwenye nyuzi 550 au 600 za Selsiasi, atomi za tangsteni zilizotawanyika ndani yake huhama taratibu, zikashikana na za chuma na kuwa chembe ngumu ziitwazo Laves. Chembe za kabaidi (kaboni iliyoungana na metali) nazo hunenepa, na zikinenepa hazishikilii tena punje za chuma kama zamani. Kwa nje huoni kitu. Ukikitundika mzigo katika joto hilo, kinarefuka kidogo kidogo. Ukikigonga kwa nyundo ya maabara kikiwa kimepoa, kinavunjika upesi kuliko kilipokuwa kipya.

"Basi kipozwe." Hii ndiyo dhana mbaya kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama akili. Chini ya nyuzi 350 hivi, nyutroni (chembe ndogo za ndani ya viini vya atomi) zinazotoka kwenye plasma, ile gesi ya moto mkali ambamo viini huungana, huzing'oa atomi mahali pake, na joto halitoshi kuzirudisha. Chuma kinakakamaa na kuvunjika kama kigae. Ndiyo maana wahandisi hulenga kati ya 350 na 550.

Na ile dhana ya plasma ya nyuzi milioni 150 kugusa ukuta wa chuma? Hapana, sumaku huizuia isiufikie.

Wala si chuma cha miujiza. Ni ndugu wa mabomba ya mvuke ya mitambo ya kufua umeme, ila metali za molibdeni na niobi zimetolewa, zikawekwa tangsteni na tantali, ili mionzi inayobaki ndani yake baada ya kupigwa na nyutroni ipungue ndani ya miaka 100 hivi badala ya maelfu.

Tanuri za maabara za kukijaribia chuma hiki zina kasoro moja: zinatoa joto bila nyutroni. Nyutroni za muungano, zenye nishati ya MeV 14 (elektronivolti milioni 14, kipimo cha nishati ya chembe), huzalisha hata gesi ya heliamu ndani ya chuma chenyewe. Mtambo wa kukipimia chuma chini ya nyutroni kali namna hiyo, IFMIF-DONES, unajengwa karibu na Granada, Hispania.