RSV kifuani mwa mtoto: kinachoziba ni seli zake mwenyewe

Kazi yangu ni kukuza seli za njia ya hewa maabarani. Seli zilizokwanguliwa puani tunazipanda juu ya kiwambo chenye vitundu vidogo sana: chini zinapata lishe, juu zinaguswa na hewa. Baada ya takriban wiki 4, kwenye hadubini unaona vinyweleo vyake vikipiga kwa pamoja na kusukuma ute, kama mpunga unaoinamishwa na upepo. Mpaka leo sijachoka kuvitazama.

Kisha tunadondoshea virusi vya RSV, vinavyowatesa zaidi watoto wachanga. Seli zimebanana aina kwa aina, lakini virusi hivi huingia karibu zile zenye vinyweleo peke yake. Virusi vya influenza huuharibu utando huohuo upesi. RSV havina papara. Seli iliyoambukizwa huendelea kuishi, huku protini mbili za virusi, NS1 na NS2, zikiizuia kutoa intaferoni, yaani ile mbiu ya kuwaamsha majirani. Na NS2 ina balaa jingine: huifanya seli ivimbe, iwe duara, ibanduke na kudondokea ndani ya njia ya hewa.

Hapo ndipo mtoto anapoumia. Seli zilizobanduka huchanganyika na ute wa seli jirani na chembe nyeupe zilizokuja kupigana, zikawa kizibo. Mtu mzima ana nafasi; vijia vya mtoto wa miezi 2 ni vyembamba mno. Kipenyo kikipungua nusu, ukinzani wa hewa huongezeka kama mara 16. Ukiona mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, mkimbize hospitali usiku huohuo. Dawa ya pumu ya kuvuta kwa kawaida haimsaidii, kwa sababu hapa si misuli iliyobana, ni njia iliyoziba.

Seli za msingi, zilizojificha chini ya utando, kwa kawaida hazifikiwi. Seli za juu zikishaanguka, hizi za msingi ndizo zinazogawanyika na kujenga upya. Kwanza pengo hufunikwa, vinyweleo huota baadaye sana, kazi ya wiki kadhaa. Kwa hiyo mama anaponiuliza mbona homa imekwisha na kikohozi bado kipo wiki ya tatu, namweleza hivi: ute upo, wa kuusukuma bado hawajaota, na mtoto amebakiwa na kukohoa tu ili kuutoa.