Upepo wa matairi ya mbele ya gari la nyumba huanzia kwenye mizani

Malalamiko kuhusu magari ya nyumba, yaani yale yenye vitanda, jiko na tangi la maji nyuma ya kiti cha dereva, yameongezeka katika kitengo chetu cha ukaguzi, na mengi yana sura moja: mwenye gari amenyimwa cheti kwa sababu ya matairi ya mbele, ilhali matairi ni mapya na fundi amemhakikishia kuwa ni ya saizi ileile iliyokuwapo. Hatuna shaka na nia njema ya wanaolalamika. Hata hivyo, matairi mawili yanaweza kuwa na saizi moja na yasiwe na nguvu moja.

Chukua saizi ya 225/75R16 (upana wa milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 75 ya upana huo, rimu ya inchi 16), ambayo huonekana sana kwenye magari ya nyumba yaliyojengwa juu ya bodi za gari za mizigo. Baada ya namba hizo hufuata nyingine ndogo ambayo wanunuzi wengi hawaisomi: 116, 118 au 121. Hiyo ndiyo namba ya uwezo wa kubeba. Tairi la 116 hubeba kilo 1,250, la 118 hubeba kilo 1,320, na la 121 hubeba kilo 1,450. Likiandikwa 121/120, namba ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake na ya pili ni ya matairi yanayofungwa mawili mawili nyuma. Mbele kila upande una tairi moja, kwa hiyo namba ya pili haikuhusu, na hakuna sababu ya kuitumia kumjibu mkaguzi.

Namba gani inakufaa? Jibu linatoka kwenye mizani, na utaratibu wake ni huu. Gari lipimwe likiwa kama linavyosafiri: tangi la mafuta limejaa, mitungi ya gesi ipo mahali pake, nguo na vyombo vimo kabatini, abiria wameketi kwenye viti vyao, na maji yamo kwa kiasi unachosafiri nacho, kwani kila lita ya maji ni kilo moja. Lisimame mahali pasipo mteremko, breki ziwe zimeachiwa, na kila gurudumu lisomwe peke yake. Kupima ekseli nzima, yaani mhimili unaobeba gurudumu la kushoto na la kulia, kisha kugawa kwa mbili hakutoshi. Gari moja tulilolipima lilikuwa na kilo 2,480 mbele, na mwenyewe alikuwa ameshagawa akapata 1,240, akanunua matairi ya 116 akiamini amebakiwa na kilo kumi za akiba. Tulipoweka mizani chini ya kila gurudumu, kushoto palikuwa na kilo 1,180 na kulia 1,300, kwa sababu betri na jokofu vyote vilikuwa upande wa kulia. Tairi la kulia lilikuwa limezidiwa kwa kilo 50 tangu siku lilipofungwa. Hata la 118 lingemwachia kilo 20 tu, na ndiyo maana tulimshauri achukue la 121.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni mzigo wa nyuma kabisa. Pikipiki iliyoning'inizwa nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua ya gari kama bembea ya ubao, na mbele panakuwa pepesi kwenye mizani. Ukiiteremsha pikipiki, kilo hizo hurudi mbele. Pima hali zote mbili, kisha chagua tairi na upepo kwa ile iliyo nzito zaidi mbele.

Uzito ukishajulikana, upepo hausomwi kwa macho wala kwa kupiga tairi teke. Kwa mguu, tairi la psi 100 (psi ni kipimo cha upepo, pauni kwa inchi ya mraba) na lile lililopungua hadi 75 hutoa mlio uleule. Kila mtengenezaji wa matairi ana jedwali linalolinganisha uzito na upepo kwa kila saizi. Tafuta uzito wa gurudumu lililo zito zaidi, soma upepo wake, kisha ujaze kiasi hichohicho pande zote mbili za ekseli. Usijaze kulia zaidi ya kushoto kwa sababu kulia ni kuzito. Kama bado hujapima, fuata kibandiko cha mtengenezaji wa gari, ambacho mara nyingi huwa karibu na mlango wa dereva.

Tunaomba pia ubishi upungue kuhusu namba ya psi iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Wapo wanaojaza hadi hapo kila siku, na wapo wanaoiogopa wakidhani ndipo tairi linapopasuka. Maana yake ni kwamba tairi likiwa na upepo huo, likiwa baridi, ndipo linapobeba uzito wake wa juu kabisa. Ekseli nyepesi ikijazwa kiasi hicho, tairi hukanyaga barabara kwa katikati tu, usukani hutangatanga na breki hupungua nguvu. Upepo ukipungua, ubavu hukunjwa kila mzunguko, tairi huchemka kwa ndani na nyuzi zake huanza kuachana, bila dereva kuona chochote hadi lipasuke. Nyuma, penye matairi mapacha, tairi la pili huweza kulishikilia gari kwa muda. Mbele hakuna pacha, na gurudumu hilohilo ndilo linalopokea usukani.

Upepo upimwe asubuhi, gari likiwa limelala au limesimama kwa muda wa angalau saa tatu, kabla jua halijapiga upande mmoja. Tairi lenye psi 100 hubadilika kwa takriban psi 2 kwa kila nyuzijoto tano au sita. Kwa hiyo usipunguze upepo mchana njiani kwa sababu geji inaonyesha zaidi. Kesho yake asubuhi utakuwa na upungufu ulioutengeneza mwenyewe.

Wanaotaka tairi kubwa zaidi wapige hesabu kwanza. Kutoka 235/80R22.5 kwenda 255/80R22.5 huongeza upana kwa milimita 20 na kipenyo kwa milimita 32. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na uangalie nafasi springi zikiwa zimebonyea, si gari likiwa limeinuliwa kwa jeki. Rimu nayo ina kikomo chake cha uzito na cha upepo, na ekseli ina chake kilichoandikwa kwenye kibandiko. Kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Tairi lenye nguvu halimpi mtu ruhusa ya kuzidisha mzigo kwenye ekseli.

Umri nao huangaliwa. Gari la nyumba husimama miezi mingi, na tairi lake huzeeka kabla halijawa kipara. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilizochapwa ubavuni ni wiki na mwaka: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 2021 matairi yaliyozidi miaka kumi kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, na ni kipimo kizuri kwa yeyote hata pale sheria haimtaji.

Mkaguzi akikuta namba ya uwezo iko chini ya uzito wa gurudumu, cheti hakitolewi, sababu huandikwa kwenye fomu, na gari hurudi kwa ukaguzi wa marudio baada ya matairi kubadilishwa. Ekseli ikizidi kikomo chake, mzigo hushushwa palepale kabla gari halijaondoka. Kwenye marudio, njoo na karatasi ya mizani yenye uzito wa kila gurudumu pamoja na nakala ya jedwali la mtengenezaji wa tairi. Maelezo kwamba jirani ana gari kama hilo na hujaza psi 80 hayaandikwi kwenye fomu, kwa kuwa jokofu la jirani liko upande mwingine.