Je, Wajua kwa Nini Ndimu Huacha Alama kwenye Kaunta ya Zege Inayong'aa?

Kaunta ya jikoni iliyotengenezwa kwa zege na kusuguliwa vizuri hustahimili mengi: sufuria ya wali inayotuliwa kwa kishindo, kisu kinachoteleza, hata mtoto anayeipanda ili achungulie dirishani. Lakini nusu ya ndimu ikisahauliwa juu yake kifudifudi tangu adhuhuri hadi jioni, huacha duara lililopauka, lenye ukubwa uleule wa ndimu, ambalo halitoki kwa sabuni, wala kwa dodoki, wala kwa lawama. Mwenye nyumba hukimbilia kudhani kwamba fundi alimpunja saruji. Mara nyingi fundi hana kosa. Chanzo cha alama hiyo ni chokaa iliyomo ndani ya zege, ambayo hakuna mtu aliyeitia, na ili kuelewa imefikaje pale hatuna budi kuifuata kaunta tangu jiwe linapoingia tanuruni mpaka msasa wa mwisho.

Saruji tunayoinunua dukani, ile iitwayo Portland tangu Mwingereza Joseph Aspdin alipoipatia hataza mwaka 1824, siku hizi hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika joto linalokaribia nyuzi 1,450 za Selsiasi, kisha kusaga kinachotoka pamoja na jasi kidogo. Katika mwambao wetu mawe hayo yana asili ya bahari: viwanda vya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, na Wazo Hill, Dar es Salaam, vilijengwa penye miamba ya matumbawe ya kale. Wazee wa Lamu, Unguja na Kilwa nao walichoma matumbawe katika tanuu za kuni, kwa moto wa nyuzi 900 hivi, wakapata chokaa ya kujengea misikiti, nyumba na mabirika. Chokaa ya babu na saruji ya dukani, basi, ni watoto wa jiwe moja, waliotenganishwa na ukali wa moto na kiasi cha udongo.

Tofauti yao huonekana wakati wa kuganda. Chokaa huganda polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa mpaka inarudi kuwa jiwe kama lilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Saruji huganda kwa kuungana na maji, na ndiyo maana zege huweza kuwa gumu hata likiwa limezama kisimani. Tumezoea kusema kwamba zege "limekauka", lakini kauli hiyo hupotosha, kwa sababu zege likikaushwa mapema huacha kukomaa. Maji na saruji vinapoungana huzaliwa vitu viwili: kwanza gundi ya madini ya kalisi na silika, ambayo hushikamanisha mchanga na kokoto na ndiyo nguvu yenyewe ya zege, pili chokaa, ileile inayopakwa kwenye jani la tambuu. Katika saruji isiyochanganywa na kitu kingine, chokaa hii hufikia takribani sehemu moja kwa tano hadi moja kwa nne ya saruji yote iliyokwisha kuganda. Hakuna fundi anayeweza kuizuia kuzaliwa.

Sasa ukidondosha maji ya ndimu juu ya kipande cha zege kilichobaki kwenye ujenzi, ukainama na kutazama kwa karibu, utaona viputo vidogo vikichomoza ukingoni mwa tone, kama soda iliyokaa wazi kwa muda. Asidi ya ndimu imekutana na chokaa. Ile iliyokwisha kuvuta hewa ya ukaa huitoa tena, na viputo ndivyo hewa hiyo ikiondoka. Tone likifutwa, uso uliobaki una mashimo madogo mno yasiyoonekana kwa macho, ila kidole huyahisi kama ukwaru mdogo. Siki, ukwaju, juisi ya nanasi na mtindi hufanya vivyo hivyo, kwa kasi tofauti. Zege halikuingiwa na uchafu wowote, bali lilipunguzwa, na hakuna sabuni inayorudisha kilichoondoka.

Kwa nini basi mashimo yasiyoonekana yanaua mng'ao unaoonekana? Jibu liko katika namna mng'ao wenyewe unavyotengenezwa, maana katika kaunta ya zege iliyofanywa kwa mkono mng'ao haupakwi kama rangi. Uso wenye mikwaruzo hutawanya mwanga kila upande, jicho likauona umefifia. Mikwaruzo inapopunguzwa mpaka ikawa midogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga, ambao kwa mwanga tunaouona ni kati ya sehemu 0.4 na 0.7 za elfu moja ya milimita, mwanga hurudi kwa mwelekeo mmoja na dirisha huonekana ndani ya jiwe. Dakika chache za asidi hufuta kazi ya siku nzima ya msasa, kwa sababu tabaka lililolainishwa ni jembamba kupita kiasi.

Kazi hiyo huanzia kwenye ndoo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji takribani lita 20 za maji, yaani ndoo moja ya kawaida, na katika lita hizo yahesabiwe pia maji yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Kibarua hupenda kuongeza nusu ndoo nyingine ili zege liteleze na mgongo upumzike, nami simlaumu, kwani kukoroga zege gumu kwa koleo ni adhabu. Lakini maji yaliyozidi hayana saruji ya kuungana nayo. Hubaki kama matone yaliyotawanyika, kisha yakipotea huacha vinjia vyembamba kama mizizi ya nyasi, na vinjia hivyo ndivyo mafuta, chai na asidi vitakavyopitia miaka yote. Tangu mwaka 1918, Mmarekani Duff Abrams alikwisha kuonyesha kwamba nguvu ya zege hutawaliwa na uwiano wa maji kwa saruji. Anayetaka zege laini bila kuongeza maji hutumia dawa ya kulainisha inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa kaunta, saruji iliyoandikwa 42.5 hufaa kuliko ya 32.5, tarakimu hizo zikiwa ni kipimo cha nguvu baada ya siku 28, na kokoto zisizidi milimita 10.

Njia inayotoa uso bora ni kumwaga kaunta kichwa chini. Fundi hutengeneza kalibu ya mbao zenye uso wa plastiki, hupaka silikoni kwenye pembe za ndani ili kingo zitoke zimeviringika, hufuta vumbi lote, kisha humwaga zege huku uso utakaoonekana baadaye ukiwa umelalia sakafu ya kalibu. Kila doa, kila unywele na kila tone la gundi lililosahauliwa humo litachapwa kwenye zege kwa uaminifu wa kutisha. Wavu wa waya huwekwa katikati ya unene, kwa sababu ukikaribia uso hujichora kama kivuli cha miraba, na vipande vya nondo nyembamba hulazwa mshazari kwenye pembe za tundu la sinki, mahali ambapo nyufa hupenda kuanzia. Kisha kalibu hugongwa kwa nyundo kwa chini na pembeni, polepole, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyodhani unatosha, ili hewa ipande. Uzito nao si wa kudharau: mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 4 hukaribia kilo 96, na kabati za mbao nyepesi huinama chini yake.

Mafundi wengine humwaga zege palepale jikoni na kumalizia uso kwa mwiko wa chuma, njia iliyo karibu na sakafu ya niru tuliyokulia. Hapa sikio husaidia jicho. Mara baada ya kumwagwa, mwiko huteleza kimya na kuacha utelezi wa maji. Saa kadhaa baadaye, kidole kikibonyeza bila kuzama, mwiko ulioinamishwa kidogo huanza kulia, na mlio huo ndio dalili kwamba uso unakubali kubanwa. Anayewahi huyafungia maji chini ya ngozi nyembamba, na anayechelewa hukwaruza tu. Ile desturi ya kunyunyiza saruji kavu ili inywe maji yaliyopanda juu mimi siipendi kwa kaunta, kwa sababu huweka juu tabaka lenye saruji nyingi kuliko lile la chini, likasinyaa kwa kasi yake, na baada ya wiki chache uso hujaa nyufa nyembamba kama wavu wa buibui.

Baada ya hapo zege hufunikwa kwa magunia yaliyolowa au karatasi ya nailoni na kumwagiliwa kwa siku 7 angalau. Kisha kaunta huanza kusuguliwa kwa maji, kwa grainda yenye sahani laini za almasi au kwa jiwe la mkono: namba 50 huondoa ngozi ya juu na kufunua punje za mchanga na kokoto, 100 na 200 hufuta mikwaruzo ya 50, halafu 400, 800, 1500 na zaidi. Katikati ya safari hiyo fundi husimama na kupaka uji wa saruji ya rangi ileile, akiukandamiza kwa kiganja chenye glavu ili uzibe vitundu vilivyoachwa na hewa, akasubiri ugande, akarudi nyuma hatua moja ya msasa. Asiyevaa glavu ataungua, kwa kuwa maji ya saruji ni makali kama magadi na zaidi. Anayesugua pakavu bila barakoa huvuta vumbi la silika, ambalo hujeruhi mapafu bila kuponyeka. Kuruka namba huonekana kama kuokoa muda, mpaka jua la jioni linapopiga kaunta kwa ubavu na mikwaruzo ya namba 100 kujitokeza chini ya mng'ao wa namba 1500.

Sasa chokaa. Kwa kuwa haiwezi kuzuiwa kuzaliwa, kilichobaki ni kuipunguza au kuifunika. Majivu ya volkeno na majivu ya makapi ya mpunga yaliyochomwa vizuri, yakisagwa na kuchanganywa kwenye saruji, hula sehemu ya chokaa na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Saruji nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki tayari zina majivu ya volkeno ndani yake. Maji ya silikati yanayopakwa juu ya zege lililokomaa hufanya kazi ya namna hiyo karibu na uso. Njia hizi huifanya kaunta iwe ngumu na isiyonywa sana, ila ndimu bado hupata cha kula, kwa sababu hata ile gundi hushambuliwa na asidi.

Mafundi wa Marrakech, Morocco, wana hila ya kale inayostahili kutazamwa. Chokaa yao ya ukutani, iitwayo tadelakt, husuguliwa kwa kijiwe laini kisha hupakwa sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni. Mafuta yaliyomo kwenye sabuni huungana na chokaa na kuwa sabuni nyingine isiyoyeyuka katika maji, ileile inayotuudhi tunapofulia maji ya chumvi na kuona utando ukielea kwenye beseni. Utando huo ukizaliwa ndani ya vitundu vya ukuta hufukuza maji, na kuta za hamamu hupakwa hivyo. Kwa maji ni kinga nzuri, lakini kwa ndimu haitoshi, kwani kinga yenyewe imeshikwa na chokaa.

Kinachoizuia ndimu kwa kweli ni utando unaotenganisha, kama vile epoksi au poliyurithani, na hapo mtu huchagua hasara anayoipenda. Utando huzuia asidi, lakini sufuria iliyotoka motoni huuchoma, kisu huuchana, na uso hupoteza ule ubaridi wa jiwe unaowavutia watu kwenye zege. Nta ya nyuki hurudisha uhai wa rangi na kumpa mpishi dakika za kufuta kabla asidi haijapenya, mradi ipakwe tena kila baada ya miezi michache. Mafuta ya nazi yasipakwe, kwani hayakauki yakawa magumu kama mafuta ya kitani; hubaki yananata na mwishowe huvunda.

Tusichanganye alama ya ndimu na doa la bizari ya manjano, maana dawa zake hazifanani. Bizari iliyomwagika huingia kwenye vinjia vya zege na, ikikutana na chokaa, hugeuka kutoka njano kuwa nyekundu ya kahawia, jambo linalowashtua wengi wakadhani ni kutu ya nondo. Doa hilo limeongezwa, kwa hiyo linaweza kuondolewa, na jua likifika mahali hapo huipausha rangi ya manjano taratibu. Alama ya ndimu hutibiwa kwa kurudia kazi: sehemu hiyo husuguliwa kwa msasa wa maji namba 400, kwa mviringo mpana unaovuka ukingo wa duara, kisha 800 na 1500, ikaachwa ikauke usiku kucha ndipo ipakwe nta. Usiihukumu ikiwa imelowa, kwani maji hujaza mashimo na kila zege lililolowa hung'aa. Subiri asubuhi, uitazame kwa kuinama usawa wa kaunta, macho yakielekea dirishani.