Kemikali Zinazoizuia Hemoglobini Kubeba Oksijeni: Ufafanuzi kwa Umma

Kutokana na kuongezeka kwa malalamiko kwamba maabara hurudia vipimo bila sababu, tumeona ni vyema kufafanua jinsi kemikali fulani zinavyoizuia hemoglobini, yaani protini ya seli nyekundu za damu inayobeba oksijeni, isifanye kazi yake, na kwa nini kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu hakitoshi kuzigundua.

Kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye mkaa au petroli isiyoungua sawasawa, hushikamana na chuma kilichomo ndani ya hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Nitriti (chumvi ya kuhifadhia nyama), anilini (kemikali ya viwanda vya rangi), dapsoni (dawa ya ukoma) na dawa ya ganzi iitwayo benzokaini hupitia njia nyingine: husababisha chuma hicho kipoteze elektroni moja, na hemoglobini ikawa methemoglobini, ambayo haishiki oksijeni. Midomo ya mgonjwa wa aina hii hugeuka buluu na damu yake huwa ya kahawia.

Wapo wanaotuuliza, tena kwa ukali, kipimo kingine ni cha nini ilhali kifaa kimekwisha kuonyesha asilimia 98. Kifaa hicho husoma mwanga tu, na hemoglobini iliyobeba kaboni monoksidi hukihadaa kikaiona kana kwamba imebeba oksijeni. Methemoglobini ikizidi sana, kifaa husimama karibu na asilimia 85 hata hali ya mgonjwa ikizidi kuwa mbaya. Hili tumekwisha kulieleza mara nyingi.

Kipimo kinachofaa ni cha ko-oksimita, mashine ya maabara inayopima kila aina ya hemoglobini peke yake. Damu huchukuliwa katika bomba lenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), huzibwa isiingie hewa, huandikwa saa iliyochukuliwa pamoja na saa mgonjwa alipoanza kupewa oksijeni, kisha huletwa bila kuchelewa, kwa kuwa kiwango cha methemoglobini hubadilika damu ikikaa. Sampuli isiyoandikwa saa haipokelewi, na aliyeileta atalazimika kuleta nyingine. Saa hizo si urasimu: mtu anayevuta hewa ya kawaida hupunguza nusu ya kaboni monoksidi kwa takribani saa 4 hadi 5, ilhali anayepewa oksijeni tupu huipunguza kwa saa moja hadi moja na nusu, hivyo jibu dogo halithibitishi kwamba hakuvuta gesi nyingi.

Methemoglobini iliyozidi hutibiwa kwa methilini bluu, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, ikipitishwa polepole kwenye mshipa na mhudumu wa afya. Ile inayouzwa kwa ajili ya samaki wa kufugwa si dawa ya binadamu, na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, methilini bluu yoyote inaweza kumvunjia seli hizo.

Wazazi wa watoto wachanga wanaotumia maji ya kisima wazingatie kwamba kuchemsha hakuondoi nitrati, ambayo mwilini hugeuka kuwa nitriti, bali huzidisha mkusanyiko wake maji yanapopungua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Kisima kinachotiliwa shaka kipimwe, na hadi majibu yatoke maziwa ya unga ya mtoto yakorogwe kwa maji ya chanzo kingine kilicho salama.